Akina Baba, Baina ya Alasiri na Isha Mko Wapi?

Assalamu alaykum. Mlionisikia kabla ya leo mnajua nitakalosema, na nitalisema tena kwa sababu bado halijafanyika. Nimeomba akina baba wakae mbele. Akina mama mliokuja na watoto, kaeni karibu na mlango, mtoto akilia mtoke naye... La, ngojeni. Baba zao si hawa hapa? Wapeni baba zao wawapakate. Mimi naweza kusema huku mtoto analia, nimezoea.

Nazungumza juu ya wakati mmoja tu wa siku: baada ya alasiri mpaka isha, katika nyumba yenye watoto watatu au wanne, wote hawajafika miaka sita. Mchanga wa miezi minne ndio kwanza ameshika ziwa. Wa pili ana mwaka na nusu, yule wa kugusa kila kitu. Kifungua mimba karudi chuo cha Qur'ani na njaa, ataka chai sasa hivi. Chai iko jikoni, na jiko la makaa liko chini kwenye sakafu ya kiwanda, ule ua wa ndani. Mama ana mikono miwili, mmoja umeshika kichwa cha mchanga. Huo wa pili umimine chai, umzuie wa mwaka na nusu, au ugeuze samaki asiungue?

Na baba yupo. Hakusafiri. Amekaa kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, upande wa pili wa mlango, anacheza dhumna na wenzake. Kilio kikizidi, anagonga ubao wa mlango: "Mnyamazisheni huyo!"

Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, na ajali ya saa hiyo huja kwangu asubuhi. Baba mmoja alikuja na mkewe, mtoto ameungua kifua na mkono kwa chai ya maziwa. Usiku walikuwa wamempaka dawa ya meno, mweupe kuanzia shingoni. Ikabidi niioshe taratibu, imeshakauka juu ya kidonda, na mtoto anapiga mayowe ya kupasua paa. Katikati ya mayowe hayo yule baba akamgeukia mkewe, mbele yangu: "Wewe ulikuwa wapi?" Mama wa watu hakujibu. Mchanga alikuwa begani kwake, leso imelowa maziwa. Nikajibu mimi. Nikamwambia, alikuwa akimnyonyesha mwanao. Haya, nijibu na wewe, ulikuwa wapi? Akasema, "Nilikuwa hapo nje tu."

Hapo nje tu! Jibu hilo nimelisikia kwa mtoto aliyeungua, kwa aliyeporomoka ngazi, kwa aliyekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Kila mara mama ndiye anayeulizwa, na kila mara mtu mzima wa pili alikuwa hapo nje tu. Yule mama hakuwa mzembe. Nyumba ile ilipungukiwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa umeshika dhumna.

Kwa kuwa nimeitaja dawa ya meno: mtoto akiungua, mvue nguo isipokuwa iliyogandana na ngozi, mtie kwenye maji baridi yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Si dawa ya meno, si samli, si ute wa yai, wala si barafu.

Sasa mzee wangu mmoja ataniambia, kama anavyoniambia siku zote, kwamba mama yake alilea watoto kumi bila kusaidiwa na mwanamume. Ni kweli hakusaidiwa na mwanamume. Lakini nani kakwambia alikuwa peke yake? Nyumba zile za Mkomani, mtaa wa zamani hapa Lamu, unazijua. Ndani mna bibi, mna shangazi, mna mke wa ndugu, na pale juu pana wikio la kupitia kwenda nyumba ya pili bila kushuka njiani. Mtoto akilia nyumba hii, huchukuliwa na wa nyumba ile. Mchanga alikuwa na mapaja manne matano ya kulalia. Huyu binti wa leo mmempangishia vyumba viwili huko Kashmir au Wiyoni, mamake yuko Faza au Siyu, kisiwa cha Pate, wifi yake anafanya kazi Mombasa. Bibi hayupo, wikio halipo, kisha mnamtaka alee kama mama yenu!

Mvuvi aliyekesha baharini sina neno naye, mwacheni alale asubuhi yake. Lakini alasiri ameshaamka, na miguu ya kumfikisha barazani anayo.

Wengine mnaogopa kuambiwa mmekaliwa na wake zenu. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akasema alikuwa katika kazi za ahli zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Na amesali mbele za watu amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Anayekucheka kwa kumbeba mwanao, mwulize anamcheka nani.

Ninachotaka ni kidogo. Chukua mmoja. Yule wa mwaka na nusu, si mchanga. Ukishasali alasiri mtoe, mpeleke pwani akaone majahazi, mshike mkono kwa ajili ya punda na ukingo wa maji. Kaa naye barazani ukitaka, mpakate hapo hapo kwenye dhumna. Mrudishe chai imeshamiminwa na jiko limeshaondolewa njiani. Mwenye watoto wanne achukue wawili.

Nilikuwa na mengine, na naona naonyeshwa saa, adhuhuri imekaribia. Haraka basi. Binti wa miaka minane si yaya. Akimbeba mdogo wake kiunoni jioni nzima, hesabu za shule atazifanya saa ngapi? Mwacheni asome. Kuachanisha uzazi: Qur'ani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, katika Al-Baqara aya ya 233, na Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mkalizungumze wawili, si mama peke yake kliniki. Kuhara: maji ya ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari, vidonge vya zinki siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limeshatulia, na ziwa lisikatizwe.

La mwisho ni chanjo. Ya surua ya kwanza ni miezi 9, ya pili miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu mama ameshapata mwengine na hawezi kubeba wawili mpaka kliniki. Baba, mlete wewe. Kitabu chake cha kliniki ukijue kilipo ndani ya nyumba, usije ukampigia simu mkeo kumwuliza mtoto alizaliwa lini. Baada ya sala nitakaa pale mlangoni, mwenye mtoto aliyepita miezi 18 aje tuangalie.