Kasia Lina Ncha Mbili: kupanda basi na treni ukiwa na vitu vya boti

Haya jamani, maiki inasikika huko nyuma? Poa. Nimeombwa niongelee kubeba vifaa vya boti kwenye usafiri wa umma, na sijachaguliwa kwa sababu ni mtaalamu, ni kwa sababu nimeteremshwa kwenye mabasi mara nyingi kuliko nyie wote humu ndani.

Watu hudhani tabu ni uzito. Wala. Makasia mawili ni mepesi kuliko sanduku la nguo. Tabu ni ncha. Ile ya mbele unaiona mwenyewe, ile ya nyuma wanaiona wenzio. Siku moja nimeyabeba begani nimeyalaza, konda akaniita toka nyuma, nikageuka kuitika, na ile kugeuka tu bapa la nyuma likamvua mzee wa watu miwani, basi nikageuka tena haraka nimwombe radhi yule mzee na ncha ya pili ikamkuta konda kifuani. Sikupanda lile basi, na ningekuwa mimi ndo konda nisingenipandisha pia.

Kwa hiyo kwenye basi makasia yanafungwa pamoja, mabapa yanaviringishwa tambara au taulo, halafu yanasimama wima ubavuni kwako kama mlinzi na bunduki yake. Mkiwa wawili mmoja anatangulia ndani kupokea. Na panda kule gari linapoanzia safari, likiwa bado tupu, upate kona ya nyuma kabisa. Ukidandia njiani saa ambayo watu wanatoka kazini huko ni kujitafutia matusi.

Sasa treni ni kinyume kabisa na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa watu wanakufa. Kituo chenye nyaya za umeme juu ya reli hausimamishi kitu kirefu. Nyaya nyingi za treni zina volti 25,000, na umeme wa kiasi hicho hausubiri uguse, ukisogeza kitu karibu unaruka wenyewe hewani. Mlingoti wa alumini ni waya tu mnene. Na hivi vya kaboni ambavyo watu wanaviona kama plastiki, navyo vinapitisha umeme. Mbao ikilowa nayo siiamini. Fimbo ya kuvulia samaki hivohivo. Kwahiyo jukwaani unalaza, unabeba chini usawa wa mkono sio begani, mmoja mbele mmoja nyuma, mnatembea polepole na watu wakikasirika waacheni wakasirike.

Mashine ya boti. Hata zile ndogo kabisa za petroli ni kilo 13 mpaka 17 hivi, unaibeba ila haikubaliki kirahisi, na kinachoiponza ni harufu. Abiria mmoja akisema nasikia petroli, safari yako imekwisha. Kumwaga tangi tu haitoshi maana kwenye kabureta inabaki, funga koki ya mafuta uiache mashine iungurume mpaka ijizimie yenyewe, hapo ndo imekauka. Halafu iache isimame wima mpaka maji ya kupozea yaishe kutoka, ukiilaza na maji yake na kichwa kikawa chini kuliko propela, maji yanaweza kurudi kupitia njia ya moshi mpaka kwenye silinda. Na zile zinazotumia oili ya peke yake, zisizochanganya na petroli, zina upande wake maalumu wa kulalia, mara nyingi kiwandani wameuweka alama. Ukilaza upande mwingine oili inaingia isikotakiwa, utafika uvute kamba mpaka bega litoke. Mimi nimeshavuta.

Jaketi za kuokolea maisha, zile za kujijaza upepo, hizi nazo zina vituko. Ndani kuna kidonge, cha chumvi au cha karatasi iliyoshindiliwa, kikilowa kinayeyuka, sindano inatoboa mtungi wa gesi, jaketi linajaa. Kidonge hakijui bahari wala hakijui kopo la maji. Langu lilikuwa kwenye begi, juu yake chupa ya maji ambayo sikuifunga sawasawa, na mwendo wa gari si unajua, ghafla PAAA, begi limetuna kama chura na watu wamelala chini. Toka siku hiyo mtungi naufungua unasafiri peke yake. Ila mtungi huo nauvalisha kamba shingoni kwangu nisije nikasahau kuurudisha, maana jaketi lisilo na mtungi ni shati tu.

Ndege sina mengi: fataki za kuombea msaada hazipandi, mashine iliyowahi kutiwa petroli ni ugomvi, betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 haipandi na abiria, na hizo za mota ya boti karibu zote zinazidi. Mitungi ya jaketi waulize shirika kabla, sio pale kaunta.

Ukitaka kujua hili sio geni, kuna mwanafunzi wa usanifu majengo huko Ujerumani, Alfred Heurich, mwaka 1905 alitengeneza kayaki ya fito na turubai inayokunjwa. Mwaka 1907 fundi cherehani wa Rosenheim, Johann Klepper, akanunua haki akaanza kuziuza, na watu wakawa wanapanda treni na boti ndani ya begi mpaka mto unakoanzia, wanaikunjua, wanashuka na maji. Na msiseme ni toi, mwaka 1956 daktari Hannes Lindemann alivuka Atlantiki ndani ya Klepper, siku 72.

Ndio dada, swali lako? Mlingoti wa Laser, ile boti ndogo ya tanga? Ule unatoka vipande viwili, ila cha juu peke yake kinazidi mita tatu na nusu, kwenye basi hakisimami na kulala hakilali. Mimi hicho nakiachaga hukohuko kwenye maji nafunga na kufuli, narudi nyumbani na tanga tu. Na tanga viringisha, usikunje, likivunjika mikunjo halikai tena sawa. Aliyenyoosha mkono pale mwisho, ni nanga eti? Toa pini, zikunje pembe zake, vaa soksi.

Soksi kwenye nanga, sio wewe.