Baada ya Kumuaga Mmisionari

Bwana Yesu asifiwe! Wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama, na ninyi vijana mnaojiandaa kutumwa nje ya nchi, karibuni.

Ukitaja wamisionari wa zamani hapa Mwanza, watu wanasubiri habari za mikuki na simba. Leo nitaongea zaidi habari za mbao, barua na homa. Hivyo ndivyo vilivyowachosha wengi, na ndivyo vitakavyowakuta ninyi.

Mwaka 1876 chama cha umisheni cha Uingereza, CMS, kilituma kundi la watu wanane kuja huku ziwani. Mmoja wao alikuwa Alexander Mackay, mhandisi kijana kutoka Uskoti. Wakati wa kuagwa London aliwaambia viongozi wasishangae wakisikia, ndani ya miezi sita, kwamba mmoja wao amefariki. Mwenzao Robertson alifia Zanzibar mwaka huohuo. Desemba 1877, wenzao wengine wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro.

Mackay alifika Kageyi, upande wa Magu, mwaka 1878. Mashua yao, Daisy, ambayo wapagazi waliibeba vipande vipande kutoka pwani, aliikuta imeharibika vibaya. Akaanza kuitengeneza. Akavuka pia kwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge, wakapatana. Sisi tukisimulia huwa tunaishia hapo, kwa sababu panapendeza. Kilichofuata ndicho ninachokitaka. Yeye na mwenzake Wilson walitweka tanga kuelekea Buganda, katika Uganda ya leo, dhoruba ikaitupa Daisy ufukweni, magharibi mwa ziwa, ikavunjika. Wakafanyaje? Waliikata mashua, wakaondoa sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba matobo, kisha wakaunganisha tezi na omo. Waulizeni mafundi mitumbwi wa Mwaloni Kirumba kazi hiyo ikoje, tena ukiwa na homa na hakuna duka la misumari. Wiki kwa wiki walikuwa pale, wakigonga. Walifika Entebbe Novemba, na mashua fupi.

Na msidhani habari hii ni ya Wazungu peke yao. Kabla yao, mwaka 1875, msafiri Mzungu Stanley alimwacha kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kijana Mwafrika aliyeitwa Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar. Kwao hakukuwa Buganda hata kidogo. Alibaki akiwa mgeni, akisoma na kuandika katika jumba la mfalme, bila chama chochote cha kumtumia posho. Vitabu vyetu vinampa mistari miwili. Wapagazi hawapati hata hiyo.

Mwaka 1887 Mackay alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa letu. Machi 1888 akawazika hapo Askofu Parker na mwenzao Blackburn. Kule Uingereza wakamwandikia arudi akapumzike. Akajibu kwamba kwa uhaba ule wa watenda kazi, huo haukuwa wakati wa mtu kuacha kituo chake. Akawaambia watume kwanza watu ishirini. Mimi jibu hilo linanisumbua. Tunalisifu sana mimbarini, lakini mtu aliyekaa miaka 14 bila kwenda kwao hata mara moja alipaswa kupata wa kumpokea kazi. Malaria ilimuua Februari 1890, akiwa na miaka 40. Deekes, aliyekuwa naye, alitengeneza jeneza kwa mbao ambazo Mackay mwenyewe alizikata kwa ajili ya mashua mpya.

Sasa nigeukie kwetu, na wazee mtanivumilia. Kuaga tunajua: kwaya, harambee, keki, picha. Ikifika mwezi wa nne, nani anauliza kama kodi ya nyumba ya yule kijana imelipwa, kama mke wake ameshapata mtu wa kuongea naye, kama mtoto ameanza shule? Uvumilivu tunamwachia yeye na Mungu wake. Naiomba kamati ya umisheni ikikaa, iweke kwenye bajeti matibabu, nauli ya likizo na jina la mtu mmoja wa kumpigia simu kila wiki. Kama fedha hazitoshi kwa watatu, tumtume mmoja.

Karibuni kwa maswali.