Kamera Ikianguka, Usiiulize Skrini

Mabibi na mabwana, wapiga picha wenzangu, nawashukuru kwa kuujaza ukumbi huu siku ya Jumamosi, siku ambayo wengi wenu mngekuwa harusini. Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa vifaa kwa jumla, nami nimekubali kwa adabu, ingawa wanaonifahamu wanajua kwamba nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni kamera iliyoanguka.

Mteja huingia katika kibanda changu cha ufundi akiwa ameikumbatia kamera kama mtoto mwenye homa, na kabla hata ya salamu husema: “Fundi, ilianguka kidogo.” Tangu nianze kazi hii sijaona kuanguka kidogo. Kutoka kifuani pa mtu mzima, kiasi cha mita 1.2, hadi sakafuni ni nusu sekunde, na kamera hufika chini kwa mwendo wa kilomita 17 hivi kwa saa, yaani mwendo wa baiskeli inayogonga ukuta. Kisha mteja huongeza: “Lakini inawaka, na inapiga.” Maneno hayo manne ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

Kijana mmoja, ambaye jina lake ni siri yangu na yake, alikuwa akipiga picha za harusi katika kanisa moja hapa Nairobi. Asubuhi, kabla ya bibi harusi kuwasili, aliiweka kamera juu ya benchi ili afunge kamba za viatu, mtoto akapita mbio, mkanda ukanaswa, kamera ikaenda chini kwa mdomo wa lenzi. Akaiokota, akaipulizia vumbi, akapiga picha ya madhabahu, akatazama skrini, akaona madhabahu, akamshukuru Mungu. Akaendelea na kazi hadi jioni. Kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza, picha za koo mbili zilipigwa ndani ya kanisa, penye mwanga hafifu, naye akalifungua tundu la lenzi hadi f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa). Ukoo wa bibi harusi ulisimama kushoto, ukoo wa bwana harusi kulia.

Alipozifungua picha hizo kwenye kompyuta siku ya pili, ukoo wa bibi harusi ulikuwa umetoka vizuri hadi nyuzi za vitenge, na ukoo wa bwana harusi ulikuwa ndani ya ukungu. Shangazi watatu, wajomba wawili na babu mwenye kofia walikuwa wamefifia wote, katika kila picha, kwa kiwango kile kile. Msidhani kwamba familia ilitaka kusikia habari za lenzi. Walichoona wao ni kwamba mpiga picha aliletwa na upande wa pili, na kwamba aliwadharau makusudi. Kikao kiliitishwa. Kijana alikuja kwangu akiniomba niandike barua ya kuthibitisha kwamba kamera ndiyo iliyowabagua wakwe, wala si yeye. Nikaiandika, na sijapata kuandika barua ngumu kama ile.

Sasa, kwa nini skrini haikumwambia? Kwa sababu skrini ya nyuma ya kamera ina inchi 3 hivi tu kutoka pembe hadi pembe, na picha ya pikseli milioni 24 ikibanwa humo, ukungu nao hubanwa usionekane. Na kwa nini picha za sura moja moja zilikuwa nzuri? Kwa sababu alikuwa akiweka uso katikati, na lenzi iliyopotoka huanza kuharibu pembeni. Hata picha chache alizozipiga nje kabla ya mvua, penye jua, zilikuwa safi, maana huko alilibana tundu hadi f/8, na kulibana tundu huficha kasoro nyingi.

Ndani ya lenzi ya kubadilisha umbali (zoom) mara nyingi mna vioo zaidi ya kumi, kila kimoja kikitakiwa kukaa katikati ya mstari mmoja. Nyuma yake kuna pete ya chuma inayoishika lenzi kwenye kamera, nayo imefungwa kwa skrubu ndogo mno. Katika kamera za Canon za mfumo wa EF, umbali kutoka kwenye pete hiyo hadi kwenye sensa, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga na kuunda picha, ni milimita 44; katika Nikon za mfumo wa F ni milimita 46.5. Lenzi ndefu ikigonga sakafu huwa kama mtaimbo unaoing'oa pete, na upande mmoja ukiinuka kwa unene wa karatasi ya daftari tu, upande huo wa picha utafifia tundu likiwa wazi. Jicho lako haliwezi kuuona unene huo, na kidole chako hakiwezi kuuhisi.

Kwa hiyo nawaomba, kama ninavyoomba kila mwaka, mpime. Toa betri kwanza, ukague nje, ukikuta kioo kimevunjika au kuna kitu kinakwama usiiwashe. Ikiwa imesalimika, chukua kurasa za gazeti, uzibandike kwenye ukuta ulionyooka hadi zijaze picha, pembe zote nne na katikati. Weka kamera kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Bandika kioo kidogo cha kujitazamia katikati ya gazeti, usogeze kamera hadi uione lenzi yako yenyewe ikikutazama katikati ya kioo; hapo utajua kwamba kamera na ukuta vinatazamana sawasawa. Zima kidhibiti cha mtikisiko, fungua tundu lote, tumia kipima muda cha sekunde 2, piga. Kisha, na hapa ndipo wengi huchoka mapema, igeuze kamera juu chini, uilinganishe tena na kioo, upige tena. Ukungu ukibaki kwenye upande ule ule wa ukuta, umekosea kupanga. Ukihama pamoja na kamera, ugonjwa umo kwenye kifaa. Azima lenzi ya mwenzako, rudia, nawe utajua kama ni lenzi au ni mwili wa kamera. Kazi nzima haichukui nusu saa.

Naona mtu pale nyuma anatikisa kichwa. Utaniambia kwamba kamera yako ni ya magnesi, ile metali ngumu. Vema, ganda ni la magnesi. Vioo vilivyomo ndani ni vioo. Mwingine ataniambia kwamba filta ilivunjika, kwa hiyo lenzi imepona. Filta ni kioo chembamba ambacho hupasuka kwa kishindo kidogo, na kupasuka kwake hakukwambii lolote kuhusu kilichotokea nyuma yake. Tena msifute vipande vile kwa kitambaa, maana mtaikwaruza lenzi. Igeuzeni itazame chini mvipulize.

Kuna pia wale wanaoitikisa kamera sikioni kama nazi. Acheni. Kamera nyingi za siku hizi zisizo na kioo cha ndani kinachoruka kila unapopiga zina sensa inayoelea kwa nguvu za sumaku, nayo hucheza ikiwa imezimwa. Mlio huo ulikuwepo kabla haijaanguka, ila hamkuwahi kuusikiliza. Wenye kamera za zamani, zile zenye kioo hicho, walinganishe picha iliyolengwa kupitia tundu la jicho na iliyolengwa kupitia skrini. Ya skrini ikiwa kali na ya jicho ikiwa na ukungu, huenda kioo cha ndani kimesogea, na hilo fundi hulirekebisha.

Naambiwa dakika zangu zimebaki chache. Nilikuwa na mengi kuhusu bima na kuhusu kadi za kumbukumbu. Kwa ufupi, dhamana ya kiwandani kwa kawaida hailipi kuanguka, kwa hiyo msiende dukani kugombana, na kadi nakilini picha zake kabla ya majaribio yoyote. Jambo la mwisho: asiwepo atakayefungua kamera yenye flashi kwa bisibisi ya jikoni, kwa kuwa ndani mna kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, inayoweza kushika volti 300 hivi hata betri ikiwa imetolewa, na mimi hutengeneza kamera, sitengenezi watu.

Maswali nitayajibu baadaye. Aliye na kamera iliyoanguka na aje nayo hapa mbele. Gazeti la leo ninalo, kioo ninacho, na ukuta ule wa kushoto umenyooka. Nimeupima kabla hamjaingia.