Mibuyu Isiyo na Majani na Samaki wa Madimbwi ya Bahi

REHEMA: Mbukwenyi wasikilizaji! Leo tuna swali la dada mmoja aliyehamia huku Dodoma kikazi kutoka Dar. Anauliza, hii mibuyu ya njia ya Hombolo imekufa?

ELIA: (anacheka) Amehamia mwezi gani?

REHEMA: Agosti.

ELIA: Basi avute subira. Mvua zetu zikikata Aprili au Mei, kuzipata tena ni mwishoni mwa Novemba, pengine Desemba. Mti hupotezea maji kwenye majani, kwa hiyo mbuyu unayapukutisha. Lakini ukikwangua gome kidogo kwa kisu, ndani utaona kijani. Gome lenyewe linaendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

REHEMA: Na hilo gome watu wanalibandua wasokote kamba, linaota tena! Mti mwingine ungekuwa kuni. Sasa kaka Elia, mbuyu ulijifunza lini haya?

ELIA: Haukujifunza. Hapa kuna mambo mawili. Kupukutisha majani ni kazi ya mti mmoja, kila mwaka. Ule uwezo wa kupukutisha ni urithi. Kwa vizazi vingi mno, miche iliyoshindwa na kiangazi ilikufa kabla ya kuzaa, iliyostahimili ikaacha mbegu. Hakuna mbuyu uliokaa kikao ukaamua.

REHEMA: Na mtama ni hivyo hivyo?

ELIA: Hivyo hivyo. Jua likizidi, jani la mtama linajikunja, juu lina nta, na mmea unaweza kusimama kukua ukangoja mvua. Mahindi nayo yanakunja majani, ila ukame ukiyakuta yanatoa maua, ndevu zinachelewa. Mbelewele, yale maua ya kiume kileleni, zinamwaga chavua, ndevu hazijatoka. Unavuna magunzi.

REHEMA: Na bado tunang'ang'ania mahindi kwa sababu ya ugali mweupe. Haya, lakini zabibu je? Hizo si za kwetu.

ELIA: Mzabibu ni mgeni kweli. Asili yake ni kwenye majira ya baridi: baridi ikija unalala, joto likirudi unachipua. Dodoma baridi hiyo haipo, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Anapogoa, vichipukizi vinatoka, miezi michache baadaye anavuna. Ndiyo maana tunapata misimu miwili kwa mwaka. Hapo mzabibu wenyewe haujabadilika sana, mkulima ndiye kaubadilishia kalenda.

REHEMA: Mimi lakini kinachonishangaza ni samaki wa Bahi. Dimbwi limekauka mpaka ardhi imepasuka, mvua inyeshe, baada ya wiki chache watoto wanavua visamaki. Wengine wanasema vimeshuka na mvua.

ELIA: Vilikuwa humo humo kwenye udongo, vikiwa mayai! Ni samaki wa kundi la Nothobranchius, wadogo kama kidole, madume yana rangi kali. Wakubwa hufa maji yakikauka, ila mayai yanalala kwenye tope. Na hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine yanabaki, maana mvua ya kwanza inaweza kuwa ya uongo.

REHEMA: Mama yangu naye hapandi mbegu zote mvua ya kwanza!

ELIA: Mama anatumia akili. Samaki ni urithi tu.

REHEMA: Sasa hali ya hewa ikiendelea kubadilika hivi, nani atawahi? Samaki au mbuyu?

ELIA: Samaki anapata kizazi kipya kila msimu, kwa hiyo ukoo wake unaweza kubadilika upesi. Mbuyu huchukua miaka mingi hata kutoa tunda la kwanza. Lakini fukia dimbwi msimu mmoja tu, mayai yote yamekwisha. Mbuyu mmoja unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, ukimwaga mbegu kila mwaka mpaka upatikane mwaka mmoja wenye mvua ya kutosha miche.

REHEMA: Ilimradi mbuzi wasiifikie hiyo miche.

ELIA: Hao mbuzi tuwawekee kipindi chao.