Siku 15 Zinaanza Usiku Ule Ule

Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Mnacheka, lakini kila mara kuna mtu ananipigia simu: "Mzee, kesi yangu ya DWI, ya kuendesha nikiwa nimelewa, haijatajwa mahakamani, bado nina muda." Huna.

Hapa Texas ukikamatwa umelewa kwenye usukani, unajikuta na kesi mbili. Ya jinai inakwenda mahakamani, na itapigwa tarehe mpaka uchoke. Ya leseni iko Idara ya Usalama wa Umma, nayo haimsubiri hakimu. Askari anakukabidhi karatasi. Ukipuliza kwenye mashine ya kupima pombe ukafikisha kiwango cha 0.08, leseni inafungiwa siku 90, ukikataa, 180. Hiyo ni mara ya kwanza. Tangu ukabidhiwe karatasi una siku 15 za kuomba usikilizwe, wikendi zikiwemo. Usipoomba, siku ya 40 leseni imefungwa, na wala hupigiwi simu.

Hapo ndipo watu wetu wanapoingia mkenge, kwa sababu karatasi hiyo hiyo ni kibali cha kuendeshea kwa muda. Kijana mmoja aliikunja vizuri akaisokomeza kwenye kava ya simu. Anakwenda kazini, anapeleka watoto shule, anaona mambo shwari. Wiki ya saba akasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua. Kosa jipya juu ya la zamani, na hakimu wa lile la kwanza hata hajamwona! Nikaiomba karatasi. Siku 15 zimeandikwa pale, zinasomeka bila miwani.

Najua, kuna mtu pale nyuma anajisemea: basi sipulizi, wakose ushahidi. Waliotoka Nairobi mmeizoea Alcoblow, kile kipima pombe cha barabarani, mnadhani mashine ndiyo kesi nzima. Askari wa hapa anaomba hati kwa hakimu usiku huo huo, unachomwa sindano, damu inatolewa. Na zile siku 180 ziko pale pale.

Madereva wa malori, kwenu kiwango ni 0.04 mkiwa kazini. Ukihukumiwa hata kwa gari lako dogo, leseni ya lori inaondoka mwaka mzima. Mara ya pili, maisha. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 15 ndani ya gari, kifungo ni siku 180 hadi miaka 2. Uhamiaji nilitaka kuugusa, ila mwenyekiti anatazama saa. Mwoneni wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri kosa, si baada.

Haya, maswali. Mwenye karatasi mfukoni aanze.