Ushukuru Hukulipwa Basibasi

KASIMU: Haya, tumerudi. Leo ni mifuko ya uwekezaji inayonunua hisa za nje, zile za makampuni yanayolipa gawio, yaani yanayowagawia wenye hisa sehemu ya faida. Nimeandika mambo matatu kwenye karatasi: kodi, ada, sarafu. Dakika 8 kila moja. Dada Tatu, karatasi hii hapa, uione.

TATU: Nimeiona, iweke pembeni. Mimi wiki hii nimeumbuka.

KASIMU: Najua. Ujumbe wako wa Alhamisi ulikuwa na neno moja tu.

TATU: "Wezi."

KASIMU: "Wezi", na alama tatu za mshangao. Nikadhani umeibiwa simu, halafu nikajiuliza sasa huu ujumbe ameutuma nani.

TATU: Sikilizeni. Mfuko wangu mnaujua, nimeusema hapa mpaka mmechoka. Unashika hisa za Ulaya, Marekani, Japani, na unagawa kila baada ya miezi 3. Nikasoma tangazo kwamba rejista ya watakaogawiwa inafungwa Jumatano. Nikasema huu ndio wakati. Jumanne nikaongeza hela, na si kidogo, ili nihesabiwe na mimi kwenye gawio.

KASIMU: Ulikuwa na uvumilivu wa miaka 3. Umetokea wapi huo wazimu wa robo hii?

TATU: Robo hii ndiyo nono! Makampuni mengi ya Ulaya hulipa mara moja tu kwa mwaka, baada ya mkutano mkuu, na mikutano yao mingi inaangukia kati ya Aprili na Juni. Nestlé ya Uswisi ni hivyo. Wamarekani wengi hulipa kila robo, Wajapani wengi mara 2. Sasa mfuko unaowabeba wote hao lazima uvimbe robo ya pili. Sikubahatisha, nilipiga hesabu.

KASIMU: Hesabu safi kabisa. Twende Alhamisi.

TATU: Alhamisi asubuhi nafungua programu. Kipande kimoja, yaani sehemu moja ya mfuko, jana yake kilikuwa 100. Nasema 100 ili twende sawa. Sasa kinasoma 98. Naangalia masoko: Ulaya imetulia, Marekani imetulia. Nikapiga simu. Akapokea kijana mpole, mpole mpaka anaudhi. Ananiambia, "Mama, hiyo 2 iliyopungua ndiyo gawio lako."

KASIMU: [anacheka]

TATU: Cheka, cheka tu.

KASIMU: Samahani, dada. Lakini kijana kasema kweli. Magawio yanaingia kwenye mfuko kidogo kidogo robo nzima, na yanakaa ndani ya bei ya kipande. Jumanne ulinunua mkoba wenye noti ndani, na ukalipia mkoba pamoja na noti. Alhamisi wakatoa noti wakakupa. Ulitaka bei ya mkoba ibaki vilevile?

TATU: Wangenipa, ningenyamaza! Hawakunipa. Nilipofungua akaunti, kumbe niliweka tiki kwenye kisanduku cha kuwekeza gawio upya. Kwa hiyo ile 2 ikanunuliwa vipande vingine hukohuko. Sikushika hata senti. Na taarifa yangu ina mstari mmoja mwekundu chini: kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa.

KASIMU: Ngoja, nisikilizie utamu. Jumanne umetoa hela yako. Alhamisi wamekurudishia kipande cha hela hiyohiyo, wakakikata kodi, halafu wakakirudisha walikokitoa.

TATU: Ndiyo maana nikasema wezi.

KASIMU: Mwizi yuko wapi hapo? Umejikata mwenyewe.

TATU: Mimi nauliza jambo moja tu. Gawio gani hilo lisiloshikika mkononi?

KASIMU: Ushukuru hukulipwa basibasi.

TATU: Nini?

KASIMU: Basibasi. Ile nyavu nyekundu inayovaa kokwa ya kungumanga.

TATU: Basibasi naijua, Kasimu, mimi si mgeni jikoni. Imeingiaje hapa?

KASIMU: Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, VOC. Imeanzishwa mwaka 1602, ikachangisha mtaji kwa watu wa kawaida mpaka vijakazi, na hisa zake zikawa zinauzwa na kununuliwa pale Amsterdam. Wanahisa wakakaa wakisubiri gawio. Mwaka wa kwanza hamna. Wa pili hamna. Mpaka 1610.

TATU: Miaka 8! Na mimi nalia na miezi 3.

KASIMU: Mwaka 1610 likatangazwa gawio, asilimia 75 ya thamani ya hisa iliyoandikwa.

TATU: Asilimia 75? Hao mbona wanalipa vizuri!

KASIMU: Kwa basibasi.

TATU: Toka hapa.

KASIMU: Wallahi. Unakwenda mikono mitupu, unarudi na magunia. Na bei ya kuihesabia hiyo basibasi, kampuni ndiyo iliyoipanga. Baadaye mwaka huohuo wakatangaza gawio jingine la pilipili manga, na fedha taslimu kidogo juu yake.

TATU: Subiri kidogo. Chukua mtu fundi viatu, ana hisa yake moja. Anapewa gunia la basibasi. Anaipeleka wapi?

KASIMU: Sokoni.

TATU: Na mwenzake?

KASIMU: Sokoni.

TATU: Mji mzima uko sokoni na basibasi siku moja!

KASIMU: Ndiyo kasheshe yenyewe. Wengi waliikataa kwa sababu hiyohiyo, waliona bei itaanguka kabla hawajafika. Wakachagua kuendelea kusubiri fedha.

TATU: Hapo kijana wa huduma kwa wateja angenijibu nini? "Mama, hilo gunia mlangoni ndilo gawio lako."

KASIMU: "Na ulipoweka tiki, tumelifungua gunia tukakununulia basibasi nyingine."

TATU: [anacheka] Na kodi ya zuio je? Wanachota kwa kikombe?

KASIMU: Kibaba kimoja kwa serikali ya Uswisi.

TATU: Acha, mbavu zangu. Lakini nikwambie jambo, na hili si la kucheka. Hiyo basibasi ilitoka visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, na mwaka 1621 kampuni hiyohiyo, chini ya gavana wake mkuu Coen, iliwaua na kuwahamisha karibu watu wote wa Banda ili zao liwe lake peke yake. Nilisoma habari hiyo sikulala. Kila nikisikia mtu anasema gawio ni hela safi inayokuja yenyewe, nawakumbuka hao.

KASIMU: Ni kweli. Hilo tulipe nafasi yake.

TATU: Tulipe.

KASIMU: Kuna mtu mwingine hapo utampenda. Isaac Le Maire. Alikuwa mkurugenzi mle ndani, wakagombana, akatoka. Mwaka 1609 yeye na wenzake wakawa wanauza hisa za kampuni wasizokuwa nazo, wakitegemea bei ianguke wazinunue kwa bei ya chini. Februari 1610 mchezo huo ukapigwa marufuku. Na gawio la basibasi ni mwaka huohuo.

TATU: Kwa hiyo walimnyamazisha mtu, halafu wakawatia wengine pilipili manga.

KASIMU: Kwenye jeraha.

TATU: Siku hizi mambo kama hayo hayapo, au yapo?

KASIMU: Kwa upole. Lindt & Sprüngli ya Uswisi huwapa wanahisa sanduku la chokoleti kwenye mkutano mkuu. Japani makampuni mengi hutoa zawadi kwa wenye hisa: vocha, vyakula, bidhaa zao wenyewe.

TATU: Mfuko wangu una hisa za Uswisi. Chokoleti yangu iko wapi?

KASIMU: Huna chokoleti. Wewe una vipande vya mfuko, huna hisa. Kwenye daftari la kampuni limeandikwa jina la mfuko, au la benki inayoutunzia mali.

TATU: Kwa hiyo kuna mtu, mahali fulani, anakula chokoleti yangu.

KASIMU: Turudi kwenye karatasi. Kodi.

TATU: Bado, hatujamaliza. Somo la hao Waholanzi ni moja: mtu anataka kitu mkononi. Miaka 8 ya "kampuni inakua, vumilieni", halafu magunia. Ndiyo maana mimi nabaki na hisa za gawio hata baada ya fedheha ya Alhamisi. Kosa langu lilikuwa kukimbilia tarehe. Gawio lenyewe halina kosa.

KASIMU: Na hapo ndipo mimi na wewe tunaachana. Gawio halikuongezei kitu, dada. Ni hela yako inatoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Una vipande 100 vya bei 100. Wakikugawia 3 kwa kila kipande, una vipande 100 vya bei 97, na 300 mkononi. Mimi sigawiwi, nauza vipande 3. Nina 97 vya bei 100, na 300 mkononi. Piga hesabu, wote tuna 9,700 ndani.

TATU: Hesabu iko sawa.

KASIMU: Basi umekubali.

TATU: Sijakubali. Hesabu iko sawa ila mtu siye. Soko likiwa jekundu, likiwa limeshuka theluthi, wewe mkono wako utabonyeza "uza"? Mimi wangu unatetemeka. Gawio linakuja bila mimi kubonyeza kitu.

KASIMU: Linakuja wakitaka. Shell, wale wa mafuta, Aprili 2020, walikata gawio la robo kutoka senti 47 za dola hadi 16. Hawakuwahi kupunguza tangu Vita Kuu ya Pili. Watu walikuwa wanaishi kwa gawio lile.

TATU: Ndiyo maana nina mfuko, sina Shell peke yake. Mmoja akikata, wengine wanalipa. Coca-Cola wamepandisha gawio kila mwaka kwa zaidi ya miaka 60.

KASIMU: Wanauchumi Miller na Modigliani waliandika tangu 1961 kwamba thamani ya kampuni haibadiliki kwa kugawa au kutogawa.

TATU: Katika dunia isiyo na kodi. Wamesema hivyo wenyewe. Dunia hiyo iko wapi, nihamie?

KASIMU: Sasa si unanisaidia mimi? Kodi ndiyo inalifanya gawio liwe baya zaidi! Mimi nisipouza sikatwi. Wewe unakatwa kila robo, utake usitake. Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, tangu mwekezaji Warren Buffett aishike, imegawa gawio mara moja tu, mwaka 1967.

TATU: Na Berkshire hiyohiyo inapokea gawio la Coca-Cola kila robo. Haigawi, lakini kupokea inapokea! Kwa nini haiwaambii Coca-Cola, "zuieni, ni hela yetu ileile ya mfuko wa kulia"?

KASIMU: Hilo ni jambo jingine.

TATU: Ni jambo lilelile ila limekushika pabaya. Na kuna hili: mkurugenzi akiachiwa fedha nyingi kwenye droo, huona kila kampuni jirani inafaa kununuliwa. Gawio linamtoa hela mkononi.

KASIMU: Na mwingine anagawa kwa kukopa ili asionekane ameshindwa. Wewe unaona gawio ni asilimia 11 ya bei ya hisa unashangilia, kumbe gawio ni lilelile na bei ya hisa ndiyo imeanguka nusu. Asilimia inapanda kwa sababu kampuni inazama.

TATU: Asilimia 11 sigusi. Hilo nakupa bure.

KASIMU: Basi nipe na lile jingine.

TATU: Sikupi. 

KASIMU: Dada Tatu, umepoteza hela Alhamisi kwa sababu ya imani hiyohiyo.

TATU: Na wewe mwaka ule soko lilipoanguka uliniambia utauza kidogo upate hela ya matumizi. Uliuza?

KASIMU: ...

TATU: Wasikilizaji, ananiangalia tu.

KASIMU: Nilikopa kwako.

TATU: Alikopa kwangu. Na nilimkopesha kutoka gawio.

KASIMU: Hela ni hela, haina jina la ilikotoka.

TATU: Hiyo ilikuwa na jina.

KASIMU: Mimi bado nasema mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia.

TATU: Na mimi bado nasema mkono unatetemeka. Haya, soma karatasi yako.

KASIMU: Zimebaki dakika 3. Nimeonyeshwa vidole vitatu pale.

TATU: Tatu yuko hapa, wanamwita.

KASIMU: Kodi, haraka. Gawio la nje linaweza kukatwa mara mbili: kwanza kwenye nchi ya kampuni, kabla halijafika kwenye mfuko, kisha kwako. Uswisi inazuia asilimia 35, na sehemu inaweza kudaiwa irudi kama kuna mkataba wa kodi. Marekani ni 30 kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba, na mikataba mingi inashusha hadi 15. Uingereza, kwa hisa za kawaida, haizuii kitu. Kwa hiyo mstari wako mwekundu ni ule unaouona. Mwingine ulishakatwa huko mbali, na uko ndani ya bei.

TATU: Kumbe kuna mstari mwingine nisiouona?

KASIMU: Upo kwenye ripoti ya mwaka ya mfuko. Ukurasa wa mapato, pana "magawio" na chini yake "kodi iliyozuiwa".

TATU: Ningejua hilo Alhamisi ningeweka alama 6 za mshangao. Ada je?

KASIMU: Ada inakatwa kabla hujagawiwa, kila siku, ndani ya bei. Mfuko unaopokea 3 na kutoza 1.5 umekula nusu... Sarafu hatutaifikia.

TATU: Na kile kisanduku nikitoe tiki au nikiache?

KASIMU: Unahitaji hela ya matumizi sasa?

TATU: Sihitaji. Nataka kuiona tu ikiingia.

KASIMU: Unaona? Unaona sasa mnavyo...

TATU: Kuiona si dhambi! Fundi viatu na yeye alitaka kuliona gunia.

KASIMU: Wananionyesha ngumi, maana yake tumekwisha. Sarafu wiki ijayo.

TATU: Ulisema hivyo wiki iliyopita. Na nani kala chokoleti yangu, hujanijibu.

KASIMU: Zima, zima, zima.