Karoti za Mwanjelwa na uvimbe wa shangazi

GWAKISA: Kamwene Iringa na Njombe, mugonile Mbeya na Rungwe, na wazazi wetu wote mnaotusikiliza, shikamooni. Mimi ni Gwakisa, niko na dada yangu Atupele. Mkisikia kelele nyuma yetu, ni mvua ya Mbeya. Imeanza kupiga bati tangu saa nane mchana na haina dalili ya kukoma, tumeona tusiisubiri.

ATUPELE: Shikamooni wakubwa, na karibuni nyote.

GWAKISA: Kwa wageni, dada Atu ni afisa lishe, kazi yake ni kuzunguka vijijini na kliniki akiongea na akina mama kuhusu chakula. Leo nina swali la nyumbani kwetu. Shangazi yangu yuko Tukuyu. Mwaka jana mwezi wa tatu alishika kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya haragwe. Hakikuuma, akanyamaza. Baadaye muuzaji mmoja wa juisi na unga wa karoti akamwambia karoti zinayeyusha uvimbe wa titi. Shangazi akawa anatumiwa karoti kutoka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, anasaga, anakunywa asubuhi na jioni. Miezi saba, dada. Viganja na nyayo vikawa vya njano, na yule muuzaji akamwambia hiyo ni sumu inatoka.

ATUPELE: Pole sana, kaka. Ngoja nianze na hiyo njano, maana watu wengi wanatishwa au kudanganywa nayo. Haikuwa sumu inayotoka. Ilikuwa rangi ya karoti yenyewe imejikusanya kwenye ngozi. Ukipunguza karoti, inafifia yenyewe baada ya wiki kadhaa, wala haina madhara. Kilichomuumiza shangazi ni ile miezi saba.

GWAKISA: Alipofika hospitali ile punje ya haragwe ilikuwa kama yai la kuku. Sasa nilivyojua kisa hiki nilikasirika, nikasema habari za karoti na saratani ni uongo mtupu. Nikaja kwako, ukaniambia hapana, usitupe vyote.

ATUPELE: Nilikwambia hivyo kwa sababu muuzaji yule alichukua kitu cha kweli akakivuta mpaka kikawa hatari. Ukweli wenyewe unaanzia kwenye rangi. Mwaka 1831 mkemia wa Kijerumani, Heinrich Wackenroder, alitoa rangi ya machungwa kwenye karoti, ikaitwa karotini. Leo tunajua jamii nzima ya rangi za namna hiyo, zaidi ya 600, tunaziita karotenoidi. Lakini kwenye damu ya mtu zinazoonekana kwa wingi ni sita tu: alfakarotini, betakarotini, kriptozanthini, likopeni, luteini na zeazanthini.

GWAKISA: Tuziweke sokoni hizo, maana mama yangu akisikia zeazanthini atazima simu.

ATUPELE: Sawa. Nyanya za Ilula, zile unazoziona kwenye matenga pembeni ya barabara kuu ukienda Iringa, wekundu wake ni likopeni. Karoti, boga la njano na viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ni betakarotini. Mawese ya Kyela yasiyosafishwa, ule wekundu ni karotini pia, na yana nyingi mno. Papai lina kriptozanthini. Halafu kuna kundi ambalo watu hawalidhanii: mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, mnafu. Humo kuna luteini na betakarotini tele, ila ukijani umeifunika njano. Kadiri jani linavyokuwa la kijani kilichokolea, ndivyo kwa kawaida lilivyo na nyingi.

GWAKISA: Na mahindi ya njano?

ATUPELE: Yapo, yana luteini na zeazanthini. Wazee watakumbuka unga wa Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada wakati wa njaa ya miaka ya sabini. Tulijifunza kuyaona kama chakula cha shida, na mpaka leo ugali wa njano hauna heshima mezani kwetu. Linanisikitisha hilo, kwa sababu mahindi meupe tunayoyapenda hayana karibu chochote cha rangi hizi.

GWAKISA: Haya, saratani ya titi sasa. Inahusianaje na mchicha?

ATUPELE: Zamani watafiti waliwauliza wanawake wanakula nini. Shida ni kwamba kumbukumbu inadanganya. Nikikuuliza umekula matembele mara ngapi mwaka jana, utanijibu nini?

GWAKISA: Nitataja namba ya kukufurahisha.

ATUPELE: Ndiyo hivyo. Kwa hiyo wengine wakaenda kwenye damu. Wanawake wazima wa afya wanatolewa damu, inagandishwa, halafu wanafuatiliwa miaka. Anapopata saratani mmoja, wanairudia ile damu yake ya zamani wanalinganisha na ya mwenzake ambaye hakuugua. Mwaka 2012 waliunganisha tafiti 8 za aina hiyo, wanawake zaidi ya 3,000 waliougua na karibu 4,000 ambao hawakuugua. Ukiwapanga katika mafungu matano, lile fungu lenye karotenoidi nyingi zaidi kwenye damu lilikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 19 kuliko lile lenye chache zaidi.

GWAKISA: Asilimia 19. Kwa hiyo hata mwenye nyingi anaweza kuugua.

ATUPELE: Anaweza kabisa. Na ndiyo maana nataka usikie kipande kinachofuata, kwa sababu kwetu Waafrika kina uzito. Saratani ya titi haiko ya aina moja. Kuna zile ambazo seli zake zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, yaani homoni hiyo inazikuza kama mbolea inavyokuza mahindi. Kuna nyingine hazina vipokezi hivyo. Hizi za pili mara nyingi huwa kali zaidi, na zile dawa za kuzuia homoni hazizisaidii. Wanawake wenye asili ya Afrika, kwa wastani, huzipata kwa sehemu kubwa zaidi kuliko Wazungu. Sasa katika ule utafiti wa damu, kwa saratani zisizo na vipokezi, wenye betakarotini nyingi zaidi walikuwa na hatari karibu nusu ya wenye chache. Kwa zenye vipokezi tofauti ilikuwa ndogo.

GWAKISA: Kwa nini iwe hivyo?

ATUPELE: Maelezo yanayotolewa ni kwamba pale homoni inaposukuma kwa nguvu, mchango mdogo wa chakula unamezwa. Homoni isiposukuma, mchango wa chakula unaonekana. Maabara zinaonyesha pia kwamba mwili ukigeuza karotini kuwa vitamini A, ile vitamini inasaidia kuamrisha seli zikue kwa utaratibu. Lakini kaka, hapa lazima niseme wazi. Anayekula mboga nyingi mara nyingi havuti sigara, hanywi sana, na mwili wake haujanenepa mno. Karotini pia hujificha kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo mtu mnene damu yake huonyesha kidogo hata kama anakula sawa na mwenzake. Watafiti hupiga hesabu kuyaondoa hayo, ila hayatoki yote. World Cancer Research Fund, wanaopima ushahidi wa namna hii duniani, wanasema vyakula vyenye karotenoidi huenda vikapunguza hatari ya saratani ya titi, na ushahidi wenyewe wameuweka kwenye daraja la ushahidi mdogo. Neno langu kwa akina mama ni hilohilo, huenda.

GWAKISA: Kama ni karotini basi si mtu anywe vidonge vyake? Vinauzwa.

ATUPELE: Hilo lilijaribiwa, na lilikwenda vibaya. Finland walichukua wanaume wavuta sigara 29,133, wengine wakapewa miligramu 20 za betakarotini kila siku. Watafiti walitegemea saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, kwa waliomeza betakarotini ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 18. Marekani kulikuwa na jaribio lingine, la wavuta sigara na watu waliofanya kazi kwenye asbesto, madini ambayo vumbi lake huumiza mapafu. Walilisimamisha Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28 kwa waliopewa vidonge.

GWAKISA: Eeh!

ATUPELE: Ndiyo. Na wanawake karibu 40,000 wa Marekani walijaribiwa pia, hao hawakudhurika wala hawakukingwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia kopo la karotini kwa jina la kuzuia saratani, hasa kama unavuta sigara, usinunue. Jani la mchicha limebeba vitu vingi pamoja, na kidonge kimebeba kimoja kwa wingi ambao mwili haukuuzoea.

GWAKISA: Na juisi kwa mtu ambaye tayari anaumwa? Maana hapo ndipo shangazi alipokamatwa.

ATUPELE: Swali hilo lina jibu zuri kabisa. Marekani waliwachukua wanawake 3,088 ambao walishatibiwa saratani ya titi ya hatua za mwanzo. Nusu wakafundishwa kula mboga na matunda kwa wingi sana, pamoja na juisi ya mboga kila siku. Damu zao zilionyesha kweli walifuata. Wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka saba na zaidi kidogo. Mwaka 2007 majibu yakatoka: saratani iliwarudia kwa kiwango kilekile na wenzao. Asilimia 16.7 huku, 16.9 kule. Na kumbuka, hawa wote walikuwa wametibiwa hospitali kwanza. Hakuna utafiti hata mmoja ambao juisi imeyeyusha uvimbe wa titi la mwanamke.

GWAKISA: Nitaikata sehemu hiyo nimtumie muuzaji.

ATUPELE: Mtumie, na wateja wake pia.

[Mvua inazidi, wanasogea karibu na maikrofoni.]

GWAKISA: Turudi jikoni. Mama yangu aliambiwa ana presha, basi siku hizi anachemsha mboga na chumvi kidogo, mafuta hataki hata kuyaona.

ATUPELE: Mwambie mama apunguze chumvi hasa, lakini kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria ya mboga asikinyime. Karotini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Usipoweka mafuta, nyingi inapita tumboni na kutoka ilivyoingia. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo, gramu tatu mpaka tano kwa mlo. Mboga iliyoungwa kwa karanga inatosha. Na hapa Rungwe na Njombe tuna parachichi mpaka yanaoza chini ya miti! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwalisha watu karoti mbichi na mchuzi wa nyanya, mara pamoja na parachichi, mara bila. Kwenye parachichi, karotini iliyoingia mwilini ilikuwa nyingi mara kadhaa. Fedha za utafiti ule zilitoka kwa wenye biashara ya parachichi, nalisema hilo ili ujue, ila jambo lenyewe la mafuta limethibitishwa na wengine wengi.

GWAKISA: Na kupika? Kuna wanaosema mboga ikiiva imekufa.

ATUPELE: Kwa karotini ni kinyume. Moto unavunja kuta za seli za karoti na nyanya, rangi inaachia. Mchuzi wa nyanya unakupa likopeni kuliko nyanya ya kachumbari. Usichemshe tu saa nzima. Nilichokiona kikiharibu huku kwetu ni jua. Akina mama wanaanika majani ya maboga na matembele juani kwa ajili ya kiangazi, jua linaunguza karotini, majani yanakuwa kama kahawia. Anika kivulini, penye upepo, kwenye chekeche au mkeka ulioinuliwa. Yatachukua siku zaidi lakini rangi itabaki.

GWAKISA: Hilo sikulijua kabisa. Sasa niambie bila kunionea huruma, mimi nina watoto wa kike wawili na dada wanne. Mboga pekee?

ATUPELE: Mboga haiko juu kwenye orodha yangu, nisikufiche. Pombe iko juu yake. Pombe inasababisha saratani ya titi, ushahidi huo hauna wasiwasi, na haijali kama ni bia ya kiwandani, kimpumu au ulanzi wa Iringa. Kileo ni kilekile. Kunyonyesha kunapunguza hatari: uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 ulikuta asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Na uzito baada ya kukoma hedhi una sehemu yake. Kisha ndiyo naweka matembele.

GWAKISA: Na uvimbe ukionekana?

ATUPELE: Usisubiri uume. Uvimbe mwingi wa saratani hauumi mwanzoni, na huko kutouma ndiko kunakowachelewesha mama zetu. Ngozi ikikunjamana kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani ghafla, ikitoa damu, au kinundu kwapani, nenda zahanati upewe rufaa. Wakichukua kinyama kupeleka maabara, waache wachukue. Wapo wanaoogopa kwamba sindano inaisambaza saratani. Bila kile kinyama daktari hajui kama ina vipokezi au haina, na hajui akupe dawa gani.

GWAKISA: Shangazi walimchukua kinyama. Majibu yakaja haina vipokezi. Ndiyo maana nilinyamaza pale ulipoeleza.

ATUPELE: Niliona.

GWAKISA: Amemaliza dripu nne za dawa ya saratani. Nywele zimenyonyoka, mdomo una vidonda, chakula hakipiti vizuri. Jumapili nilipokwenda aliniuliza kwa sauti ndogo, mwanangu, je, karoti nimekatazwa? Kama mtoto aliyefanya kosa.

ATUPELE: Mwambie hajakatazwa. Hana kosa lolote. Mpikie kiazi lishe, ukiponde na maziwa kiwe laini, au boga, kisiwe cha moto wala na pilipili, vidonda visichome. Sasa hivi anahitaji nguvu na protini: maziwa, mayai, maharage yaliyochujwa maganda, samaki. Akitaka karoti, zichemshe mpaka zilainike, ale kama mboga. Virutubisho vya kopo asitumie bila kumwonyesha daktari wake.

GWAKISA: Ndaga fijo, dada Atu. Dripu ya tano ni Alhamisi. Nitapita Mwanjelwa kesho asubuhi kuchukua viazi lishe, nipande gari la Tukuyu kabla ya mvua.

ATUPELE: Chukua vile vya rangi ya machungwa mpaka ndani. Vunja kimoja uangalie kabla hujalipa.